Mtani Hatoi Ushahidi

Hakuna mlinzi katika ukanda wote wa viwanda aliyewahi kunizuia nisifunge goli. Waulize wa Viberiti, waulize wa Sabuni, waulize wa Mablanketi waliokuwa na yule dada mrefu kama mnara wa simu. Hakuna. Ni kweli tupu, na sababu yake ni kwamba sikuwahi kuingizwa uwanjani. Nilikuwa wa akiba. Timu ya mpira wa pete ya kiwanda cha magunia ilinilea kwenye benchi mpaka benchi likachukua umbo langu. Kazi zangu zilikuwa kubeba maji, kukata machungwa, na kuwatukana wapinzani kwa sauti ambayo refa hawezi kujua imetoka upande gani.

Aliyekaa benchi, hata hivyo, ndiye aliyeuona mchezo. Waliocheza waliona mpira tu. Kwa hiyo viwanda vilipokwisha kufungwa, wachezaji wakaanza kutangulia mmoja mmoja mchangani, na watu wa Ligi ya Vivuli wakaanza kutafuta macho yaliyobaki, walinijia mimi. Gari lilisimama mlangoni bila dereva, likaniita jina kwa adabu kuliko wajukuu zangu. "Bi Mwajabu, karibu. Unahitajika ghalani." Nikajifunga khanga mpya, nikapanda. Sikujua kwamba nakwenda kumkuta rafiki yangu amefanywa kinyago.

Ghala ni lile lile tulilokuwa tukipanga magunia. Sasa sakafu imechorwa uwanja, na nguzo mbili za chuma zimesimama na pete zake juu. Darini wamefunga mabomba membamba yanayomwaga ukungu wa baridi. Mwanga ukipenya ule ukungu, wachezaji wanatokea. Usidhani ni picha ya ukutani. Anatokea mtu mzima mzima, na jasho lake, na kovu lake la goti. Unamwona msichana uliyemzika akiwa bibi kizee, ameinama anafunga kamba ya kiatu. Siku ya kwanza nilikaa chini bila kutafuta kiti.

Msimu ulikuwa unakwisha. Timu zote za zamani zilikuwa zimeshacheza tena, na kilichobaki kilikuwa uteuzi wa Kikosi cha Nyota: wachezaji saba, mmoja kwa kila nafasi, watakaopambana na nyota wa miji mingine na kubaki hapo daima. Umeme wa ghala unaweza kuwabeba saba tu. Wengine wote, majina yakishatangazwa, wanazimwa.

Nafasi sita zilikuwa zimepata wenyewe bila ubishi. Ya saba ilikuwa ya mfungaji, na wagombea walikuwa wawili: Asu wa Viberiti, na Kalunde wetu wa Magunia. Niliposikia hivyo nilicheka. Kumlinganisha Kalunde na Asu ni kama kulinganisha mvua na mtu mwenye kopo.

Halafu Kalunde akatoka ukunguni.

Alikuja anajikokota. Miguu yake ilikuwa minene, imenyooka bila goti wala kifundo, kama michi miwili. Alikuwa anatafuna. Mpira ulipomjia alijikunyata, akafunika uso kwa viganja, ukampita. Akaketi katikati ya uwanja na kusema, "Nimechoka, jamani, nani ana kiporo?" Watu waliokuja kutazama wakacheka. Kijana mmoja nyuma yangu akasema huyu ndiye aliyekuwa anasifiwa na mabibi, basi zamani hakukuwa na mpira.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaitambua ile miguu. Niliitengeneza mimi.

*

Hapa inanibidi nieleze jambo ambalo kwa mtu wa kwetu halihitaji maelezo. Kalunde alikuwa Mnyamwezi. Mimi ni Mzaramo. Hao ni watani tangu enzi za babu wa babu. Tangu siku ya kwanza alipoingia kiwandani nilimwita mpagazi, akaniita mvivu wa mnazi, na toka hapo hatukupitisha siku bila kutukanana. Alipojifungua nilimwambia mtoto amefanana na gunia. Mama yangu alipofariki, Kalunde alikuja akalala mbele ya jeneza, akagoma kuondoka mpaka alipwe kuku. Nililia na kucheka kwa pamoja, na ndivyo inavyotakiwa. Mtani akifiwa na mtani wake hafuti machozi. Anayatafutia mlango mwingine.

Kwa hiyo Kalunde alipofariki, zamu ilikuwa yangu. Nilivaa jezi yake ya zamani juu ya gauni, nikasimama kwenye njia ya makaburini, nikamtukana mbele ya wanawe. Nilisema ana miguu ya michi. Nilisema anauogopa mpira kama paka anavyoogopa maji. Nilisema wakati wa mapumziko alikuwa anakula kiporo cha timu nzima, na magoli yake yote yalifungwa na upepo. Wanawe walicheka mpaka wakashikana mabega. Ndiyo heshima ya mwisho niliyokuwa nayo, nami niliitoa yote.

Na sasa ile heshima ilikuwa imekaa sakafuni inaomba kiporo.

Nilimfuata fundi mkuu wa mtambo, Ipyana, baba mmoja mpole mwenye kipara, mtu wa Tukuyu. Nikamwambia, "Baba, umemfanya nini yule?"

"Sijamfanya kitu, bibi. Mtambo umempika kutokana na alivyoletwa."

Akanieleza. Kivuli kinapikwa kwa vitu vitatu: picha za zamani, sauti za watangazaji wa redio, na ushahidi wa watu waliomjua mchezaji. Picha zinatoa mwili, redio inatoa mwendo. Tabia na uwezo vinatoka kwenye midomo ya watu, na kila neno linapimwa uzito kabla ya kutiwa chunguni. Neno la rafiki ni jepesi, maana rafiki husifia. Neno la mpinzani anayekusifu ni zito.

"Na neno langu mimi?"

Ipyana akatazama viatu vyake. "Lako lilikuwa zito kuliko yote, bibi. Mtambo huu ulifundishwa kwa misiba ya dunia nzima. Ulichojifunza ni kwamba watu wakifika makaburini husema mazuri tu, hata kwa mwizi. Basi akitokea mtu anamtukana marehemu mbele ya jeneza, tena mbele ya watoto wake, mtambo unaona huyo lazima anasema ukweli uliomkaa rohoni miaka mingi."

Nikakaza khanga kiunoni.

"Si ungewaambia hao waliofundisha," nikasema, "kwamba kuna watu hapa duniani wana watani?"

"Kwetu Unyakyusa pia tuna watani, bibi. Lakini sauti yako iliyorekodiwa msibani ilipoletwa hatukuambiwa ni utani. Aliyeileta aliapa ni ushahidi wa kweli."

"Basi mimi mwenye sauti nafuta."

"Huwezi. Ukifuta wewe, mtambo unaona umeingiwa na aibu, au wanawe wamekuomba. Anayeweza kuiondoa ni aliyeileta. Au ithibitike kwamba alijua ni uongo wakati anaapa. Hapo inatoka yote, na aliyeapa anapoteza na kivuli chake."

"Nani aliyeileta?"

Hakutaka kusema. Lakini mimi nimelea watoto saba, na mtu anayeficha jina huwa macho yake yanakwenda lilipo. Ya Ipyana yalikwenda barazani, ambako Bi Asumini alikuwa anakunywa chai ya tangawizi na mkono wa kikombe ameuinua kama bibi harusi.

*

Bi Asumini ndiye yule Asu wa Viberiti, isipokuwa sasa ni mzee kama mimi, mjane kama mimi, na tajiri kuliko mimi. Tangu ujanani alikuwa mtu wa kushika nafasi ya pili. Kila mwaka, wa pili. Kila mwaka nyuma ya Kalunde. Hilo linamkausha mtu kama dagaa.

"Mwajabu," akaniambia, "umezeeka, shoga."

"Wewe hujazeeka, umechacha tu. Ile sauti ya msibani umeitoa wapi?"

"Sauti gani? Aa, ile. Mpwa wangu alirekodi. Nilisema moyoni, huu ni ushahidi wa mtu aliyeishi na marehemu, sina haki ya kuuficha."

"Ulijua ni utani."

Akapuliza chai yake taratibu. "Mimi ni mtoto wa mjini, Mwajabu. Mambo yenu ya kulala mbele ya majeneza nayajulia wapi? Mtu akisema mwenzake alikuwa mvivu, naelewa alikuwa mvivu." Kisha akainama karibu, nikasikia harufu ya karafuu kinywani mwake. "Tena nakushukuru. Mimi hata ningetaka kumsema vibaya hivyo, nisingeweza. Una kipaji."

Nilirudi nyumbani na lile neno, kipaji. Lilikuwa limenikwama kama mwiba wa samaki. Angenipiga kofi ningesamehe, maana kofi lina mwisho. Huyu alikuwa amechukua machozi yangu akayatumia kufulia nguo zake. Nikasema, Asumini, nitakupata. Na nitakupata kwa mkono wako mwenyewe, nami niwe nimekaa kitini nimekunja miguu.

Njia nilikuwa nayo tayari. Lile gari halikuja kunichukua nikatazame tu. Sheria ya ligi inasema kila mgombea wa mwisho apate shahidi mmoja kutoka timu pinzani, na wa Magunia aliyebaki na akili zake nilikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa nimeitwa nimtolee ushahidi Asu.

Mwanamke mwingine angekwenda kumtukana. Nami nililifikiria hilo, sitakataa. Nililala nalo na kuamka nalo; nilishampangia Asu matege na kengeza. Lakini Bi Asumini si mjinga. Alikuwa akilisubiri, na lingeonekana wazi ni kisasi. Nikakumbuka alivyosema Ipyana: neno zito ni la mpinzani anayekusifu.

Basi nikaenda kumsifu.

*

Unaweka kiganja juu ya kioo chenye joto, kama mgongo wa mtoto mwenye homa, na unaapa.

"Ukithibitika umedanganya kwa makusudi," Ipyana akasoma, "kivuli chako kinaondolewa." Akasita. "Bibi, wewe huna kivuli."

"Wa akiba tuna faida zetu," nikasema. "Endelea."

Nikamsifu Asu mpaka kioo kikatoa jasho. Nikasema ana mkono laini, ana pumzi. Halafu nikasema nililokuja kulisema. "Zaidi ya yote, msichana huyu hajui kusema uongo. Ukimuuliza, atajibu lililo kweli hata likimuumiza. Nimemjua hivyo daima."

Uongo? Siyo wote. Kulikuwa na fainali moja, Asu akafunga goli la ushindi, refa akapuliza, Viberiti wakaanza kurukaruka. Asu akainua mkono akasema, "Dada refa, nilipiga hatua nikiwa na mpira. Goli si halali." Refa hakuwa ameona. Goli likafutwa, wakafungwa na sisi. Nahodha wake alimzaba kibao mbele ya watu wote, na mimi nadhani ndipo aliponyooka, au alipopinda, sijui niseme vipi. Mara moja ile ilikuwa kweli. Neno "daima" ndilo nililoongeza. Sifa ni kama chumvi, anayezidisha hasemi ameweka kitu kingine.

Kwa nini nilitaka mkweli? Kwa sababu niliijua sheria nyingine. Mchezaji aliye hai hukilisha kivuli chake. Anakuja, anakaa nacho, anakisimulia maisha yake, ili kivuli kichangamke, na kivuli hakisahau neno. Bi Asumini alikuwa akija kila jioni. Hana mume, watoto wako ng'ambo. Mwanamke wa namna hiyo akipata wa kumsikiliza, na wa kumsikiliza mwenyewe ni yeye alipokuwa mzuri, unadhani atabakiza siri gani?

*

Kesho yake asubuhi nikaenda kumwona huyo msichana. Ipyana akafungua ukungu, akatuacha.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Asu akatoka mbio na mpira mkononi, akaniona, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Ni wewe wa machungwa," akasema. "Ulikuwa unatupa vipande vikubwa hata sisi wapinzani. Ila ulikuwa unatutukana wakati tunakula."

Nikacheka bila kupenda. Alikaa karibu yangu asubuhi ile yote, baridi ya ukungu ikanipata begani. Akaniambia kila kitu, maana sasa hakuwa na namna nyingine. Kwamba anapenda sauti ya pete mpira unapopita bila kuigusa. Kwamba bibi yake, ndivyo anavyomwita Bi Asumini, huja akiwa na huzuni akaondoka akiwa mwepesi. "Ananipenda sana. Ila juzi alinichosha na ile sauti ya msibani. Ameirudia na kuirudia anacheka. Anasema, 'Sikiliza huyu Mzaramo anavyomfanyia mtani wake, watu wote wanakufa kwa kicheko, lakini mtambo utajuaje?'"

Akaweka kiganja mdomoni.

"Endelea, mama," nikasema polepole.

"Sikutakiwa kusema. Aliniambia nisimwambie mtu." Uso wake wa mwanga ulikuwa umekunjamana. "Sijui nimekuwaje tangu jana. Maneno yananitoka kama yalivyo."

Hapo nilikuwa nimeshashinda, na ningeinuka nikaondoka nikipiga vigelegele. Lakini neno la faragha halina nguvu. Lilipaswa kusemwa siku ya uteuzi, mbele ya jopo na watu. Nikamwambia hivyo. Nikamwonyesha Kalunde aliyeketi upande wa pili wa ghala anatafuna hewa. Nikamwambia yule alikuwa anaruka kama ameitwa na mtu aliye juu.

Asu alimtazama muda mrefu. "Namkumbuka. Alikuwa ananishinda." Kisha akasema, "Bibi, siwezi kudanganya. Lakini kunyamaza naweza. Nikisema, bibi yangu ataonekana aliapa uongo, na mimi nitaondolewa. Nitazimwa. Si ndiyo?"

Ndiyo. Ilikuwa ndiyo.

Nilimtazama yule mtoto. Hakuwa amemkosea mtu. Huyu hakuwa ameolewa na hasira bado, hakuwa ameonja kibao cha nahodha, au alikuwa amekionja bila kuchacha. Kosa lilikuwa la kizee wa barazani. Nikawaza, Mwajabu, unataka kumchinja kifaranga kwa kosa la kuku. Nikawaza pia miguu ile ya michi, na vijana wanaocheka, na kwamba keshokutwa Kalunde angezimwa akiwa hivyo, na hivyo ndivyo dunia ingemkumbuka, kwa kinywa changu. Katika mizani yangu mmoja alikuwa mwanga tu na mwingine pia mwanga tu. Lakini mmoja alikuwa amelala mbele ya jeneza la mama yangu akinidai kuku.

"Hutazimwa," nikasema. "Nimeshazungumza na Ipyana. Ukisema kweli, anakuacha."

"Kweli, bibi?"

"Kweli."

Akatabasamu. Mtu asiyejua kusema uongo ana udhaifu mmoja: hajui kuusikia.

*

Siku ya uteuzi ghala lilijaa. Wajukuu wa Sabuni, wajukuu wa Mablanketi, bendera za viwanda visivyokuwepo. Jopo la watu watatu lilikaa mezani, Ipyana kando yao kwenye mtambo. Nyota sita walisimama ukunguni tayari. Bi Asumini alikaa mstari wa mbele, nguo ya dhahabu, Asu amesimama pembeni yake. Kalunde wetu alikuwa amelala chini ya pete.

Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja wa miwani, akauliza kama kuna shahidi mwenye swali kwa mgombea yeyote kabla ya jina la saba.

Nikainuka. Magoti yalipiga kelele, nami nikayaacha yapige ili watu wageuke.

"Nina swali dogo. Kwanza kwa Bi Asumini. Ile sauti yangu uliyoileta, ulipoapa, ulijua ni utani?"

"Nimeshajibu hilo," akasema, anatabasamu kwa jopo. "Sikujua. Na Mungu wangu ni shahidi, mpaka leo sijui utani unachezwaje. Mwenzetu anajuta aliyoyasema, namhurumia."

"Asante, shoga. Sasa namuuliza binti." Nikamgeukia Asu. "Mama, bibi yako alipokuwa akiisikiliza ile sauti, alikuwa anakwambia nini?"

Nilimwona Bi Asumini anageuka. Taratibu, kama mtu aliyesikia mlango wa nyumba yake ukifunguka nyuma yake.

"Asu," akasema kwa sauti ya chini, "nyamaza, mwanangu."

Asu alinitazama mimi. Nikamwitikia kwa kichwa kumpa moyo. Akasema, wazi, kama alivyomwambia refa zamani zile: "Alisema, 'Sikiliza huyu Mzaramo anavyomfanyia mtani wake.' Alisema watu wote wanacheka, ila mtambo utajuaje. Alicheka sana."

Watu wakageuka kumtazama Bi Asumini.

"Mtoto huyu anaota," Bi Asumini akasema.

"Vivuli hatuoti, bibi," Asu akajibu kwa upole. "Na ulisema pia kwamba mama yako alikuwa mtani wa Wangoni, na aliwahi kulala mbele ya jeneza la Mngoni mpaka akapewa mbuzi. Ulinisimulia siku ile ya mvua."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Kisha wengine. Kicheko kilianza pembeni, kikazunguka ghala zima, na mtu yeyote aliyelelewa kwetu alijua kicheko hicho ni cha watani. Bi Asumini alishusha shela usoni. Nilikaa nikakunja miguu, kama nilivyojiahidi. Nakwambia, utamu wake ulikuwa wa maembe mabivu yanayotiririka mpaka kwenye kiwiko, na sikujipangusa.

Mwenyekiti alimwelekeza Ipyana kwa kidole. Akagusa kioo chake. Matusi yangu yakatoka chunguni.

Kwanza ilikuwa miguu. Goti likatokea, kisha kifundo. Kalunde aliacha kutafuna. Akainuka bila kushika chini, akajinyoosha mgongo, akatazama mikono yake kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoibiwa. Mmoja wa nyota akamrushia mpira bila kuambiwa. Aliudaka kwa mkono mmoja, akaruka, na mpira ukapita katikati ya pete bila kuigusa. Mzee mmoja wa Mablanketi, ambaye timu yake Kalunde aliifunga miaka yote ile, akavua kofia. Kalunde akageuka akanitafuta kwenye watu, akanipata.

"We mvivu wa mnazi," akasema. "Machungwa yako wapi?"

Nilificha uso kwenye khanga. Kulikuwa na vumbi.

Jina la saba halikuhitaji kura. Mwenyekiti akalitangaza, watu wakashangilia, na Ipyana akasoma kile kipande cha sheria nilichokuwa nakingojea: shahidi aliyeapa uongo kwa makusudi, kivuli chake kinaondolewa sasa hivi, kabla ya wengine. Akapeleka mkono kwenye kioo.

"Subiri, baba," Asu akasema.

Hakuwa na wasiwasi. Alisema kama mtu anayemkumbusha dereva kituo chake. "Mimi naachwa. Bibi Mwajabu alishazungumza na wewe."

Ipyana akabaki na mkono hewani. Akanigeukia. Jopo likanigeukia. Hata Bi Asumini akainua shela, na macho yake yalikuwa mekundu, yamechoka, na ndani yake nikaona kitu kama kinachoniomba niwe nimesema kweli.

"Bibi," Ipyana akauliza, "tulizungumza lini?"

Nimewahi kutoka kwenye mitego mikubwa kuliko hiyo. Nilishika kiuno, nikacheka kidogo, kicheko cha bibi anayemwonea huruma kijana mwenye usahaulifu.

"Juzi, baba," nikasema. "Ile juzi asubuhi, pale barazani. Ulikuwa na haraka, umesahau."

Ipyana akakunja uso, akawa kama anakumbuka, nami nikaanza kupumua.

"Hapana," Asu akasema, ananitazama moja kwa moja, uso wake ukianza kuelewa. "Juzi asubuhi yote ulikuwa hapa na mimi, bibi."